Adimu, geni, ajabu au kioja: neno lipi kwa kitu kisicho cha kawaida?

Jarife, ule wavu mkubwa wa wavuvi, likipandishwa nje ya Tanga na ndani yake yumo silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka zama za dinosau, majina yataanza kabla samaki hajafika mchangani. Mmoja atasema ni samaki adimu. Mwingine, samaki mgeni. Wa tatu, samaki wa ajabu. Ofisa wa hifadhi ataandika "samaki wa kipekee", mwandishi wa habari ataanza na "katika hali isiyo ya kawaida", na mama aliyefuata dagaa atashika kidevu: "Makubwa! Kioja gani tena hiki?"

Samaki ni yuleyule, maneno ni sita, na hakuna mawili yanayosema jambo moja. Adimu ni neno la hesabu: wapo wachache. Mgeni ni neno la mazoea: hatujapata kumwona. Ajabu ni moyo kushtuka. Kipekee ni kumpanga na wenzake na kuona hafanani nao. Isiyo ya kawaida inadai kwamba ipo kanuni na hapa imekiukwa. Kioja kinaeleza umati uliomzunguka samaki kuliko samaki mwenyewe.

Ukiandika kibao cha makumbusho, tangazo la kuuza, barua ya ofisi au habari, chagua kwanza swali unalolijibu. Neno litajileta lenyewe.

Adimu na nadra

Yote mawili yanahesabu, ila adimu inahesabu vitu na nadra inahesabu mara. Silikanti ni samaki adimu. Ni nadra kumnasa. Ukigeuza, "ni adimu kumnasa" inachechemea mdomoni, na "samaki nadra", japo utaikuta katika maandishi ya kitaalamu, ina harufu ya tafsiri. Jaribu hivi: kama unaweza kuweka "wachache" au "vichache" mahali pa neno lako, andika adimu. Kama panapokea "mara chache", andika nadra.

Adimu ina kitenzi, nadra haina. Dagaa huadimika siku za mbalamwezi, kwa sababu taa za wavuvi hazivuti samaki kukiwa na mwanga. Giza likirudi, dagaa wanarudi. Sukari huadimika. Hata mtu huadimika: "Umeadimika siku hizi!" ni salamu yenye lawama ndani yake, na jibu lake ni kujitetea.

Tashbihi ya zamani inasema "adimu kama wali wa daku", nayo inafundisha mpaka wa neno. Wali upo mjini, mchele upo dukani, lakini kuupata sahani ya moto saa ile ya usiku wa Ramadhani ndiyo kazi. Kitu adimu kipo. Kama hakipo kabisa, usiseme kimeadimika, sema kimekwisha, hakipatikani au kimetoweka.

Ndiyo maana adimu huhitaji kuambatana na mahali. Lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, lilikusanywa katika mkoa huu wa Tanga mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, na jina lake likabaki kwenye ua. Leo Ulaya linauzwa katika vyungu vya dirishani, la kawaida kama bamia sokoni kwetu. Porini, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ya Usambara, kuliona ni bahati. Anayeandika "ua adimu" peke yake amesema nusu. Nusu ya pili ni "porini".

Adimu si sawa na "aliye hatarini kutoweka". Kiumbe anaweza kuwa mchache tangu enzi na enzi bila kupungua. Hatari ya kutoweka inaeleza mwendo, nayo hupimwa kwa vigezo. Silikanti wa upande wetu wa Bahari ya Hindi amebeba yote mawili: ni adimu, na shirika la uhifadhi la IUCN limemweka katika daraja la walio hatarini zaidi. Ukiandika moja kwa kudhani limebeba la pili, msomaji makini atakuuliza.

Wala si sawa na haba. Haba ni kiasi kisichotosha cha kitu kinachopimwa: maji, mvua, chakula, mshahara. Tunasema uhaba wa maji, mvua haba. "Maji adimu" ni lugha ya mshairi.

Upande wa sarufi, adimu halivai kiambishi: kitu adimu, vitu adimu, miti adimu. Kosa linaloonekana sana kwenye matangazo ni "bidhaa za adimu" au "samaki wa adimu". Hilo "za" halina kazi hapo, kwa sababu adimu ni kivumishi tayari. Linatoka kwa ajabu, ambayo ni nomino na inaihitaji: samaki wa ajabu. Watu wanachanganya mifuko miwili.

Nadra nayo ina mtego wake, kwa kuwa ndani yake tayari mna ukanushi. "Ni nadra hatuwaoni" hakieleweki: mnawaona au hamwaoni? Andika "ni nadra kuwaona" au "tunawaona kwa nadra". Na jihadhari na aghalabu. Maana yake ni "mara nyingi", lakini wapo wanaolitumia wakimaanisha "mara chache", labda kwa sababu linasikika zito na zito hufanana na adimu. Sentensi "Aghalabu meli hutia nanga hapa" ikisomwa na watu wawili, mmoja ataisubiri meli na mwingine ataenda zake. Katika tangazo au maelekezo, andika "mara nyingi" au "mara chache" na umalize ubishi.

Kitu kigeni si kitu cha kigeni

Hapa silabi moja tu inageuza maana. "Kitu kigeni" ni kitu ambacho hatujakizoea. "Kitu cha kigeni" ni kilichotoka nchi nyingine. Fedha za kigeni si fedha zinazoshangaza, ni dola na yuro. Lugha ya kigeni inaweza kuwa imezoeleka kabisa, na lugha ngeni masikioni mwako yaweza kuwa ya mlima unaouona kutoka dirishani.

Tanga ina mifano mizuri kuliko kamusi yoyote. Mkonge uliletwa kutoka Amerika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika shehena yake miche iliyopona ilikuwa 62. Ni zao la kigeni kwa asili, lakini nani atathubutu kusema mkonge ni mmea mgeni Tanga? Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi, na kila ua una mti wake. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote: ndege wa kigeni, si mgeni tena, na wala si adimu hata chembe. Vipimo vitatu, majibu matatu tofauti kwa ndege mmoja. Silikanti ni kinyume chake: bahari ni yake tangu hapo, si wa kigeni, ila kwa watu wengi bado ni mgeni, na adimu juu yake.

Kwa hiyo -geni nayo inadai nyongeza: geni kwa nani? "Jambo hili ni geni" ni sentensi iliyokatwa mkia. "Jambo hili ni geni kwa wakulima wa mkonge" imekamilika. Katika uhifadhi kuna ugumu zaidi, maana huko viumbe wageni ni walioletwa kutoka kwingine, na viumbe vamizi ni wale wanaotawala na kuharibu. Mdudu aliyegunduliwa jana katika msitu wa Amani asiitwe "mdudu mgeni", kwa sababu mtaalamu atadhani ameletwa. Mwite mdudu mpya kwa sayansi. Yeye mwenyewe alikuwapo siku zote.

Tofauti na adimu, -geni ni kivumishi cha Kibantu, kinavaa kila nguo: mti mgeni, miti migeni, jambo geni, mambo mageni, kitu kigeni, vitu vigeni, sauti ngeni, ugonjwa mgeni, mahali pageni. Wanaoandika "jambo ngeni" na "mambo ngeni" ni wengi; masikio yamezoea "ngeni" ya sauti na lugha, wakaibandika kila mahali.

Kwa mtu, -geni inagongana na nomino. "Mgeni amekuja" ni heshima na chai inawekwa jikoni. "Mtu mgeni anazunguka mtaani" ni tahadhari. Ukitaka tahadhari bila kumtia mtu hatiani, "mtu tusiyemfahamu" ni salama zaidi. (Mji wenyewe umejipa sifa ya "waja leo waondoka leo", kwa hiyo neno mgeni Tanga lina utani wake, na mwandishi wa tangazo la polisi asiuingilie.)

Ajabu, shani, muujiza

Maneno haya hayakipimi kitu. Yanampima anayekitazama. Hiyo si dosari ilimradi ujue unachofanya.

Ajabu ina nafasi nne, na kila nafasi ina rangi yake. "Samaki wa ajabu": anashangaza, aweza kuwa mzuri au wa kutisha. "Mtamu ajabu", "mrefu ajabu": hapo ajabu ni kikolezo tu, maana yake "mno", na haina mshangao wowote uliobaki. "Cha ajabu ni kwamba…": linatangaza kinyume cha yaliyotarajiwa, na mara nyingi limebeba kijembe. Ya nne ni ya kurudufu: "vitu vya ajabu ajabu". Marudio hapa hayaongezi ajabu, yanaishusha. Mtu akikuambia umemletea mambo ya ajabu ajabu, amekudharau. Mwongoza watalii anayesema "tutaona vitu vya ajabu ajabu" akidhani anatia chumvi amejiharibia bei.

Na maajabu ni wingi unaostahili kuhifadhiwa. Methali inasema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: maajabu yana ngazi. Ukimaliza neno lako kubwa kwenye jiwe la kwanza, utakosa la kusema mbele.

Kwenye vibao vya Mapango ya Amboni, kwa mfano, "mapango ya ajabu" yanamwamuru mgeni ashangae kabla hajaingia. "Mapango ya chokaa yaliyochongwa na maji, yenye vyumba vya giza na popo" yanampa vitu, na kushangaa atajishangaa mwenyewe. Tumia ajabu pale ambapo mshangao ndiyo habari: watu walistaajabu, walikusanyika, walikimbia.

Shani ni ajabu iliyovaa nguo za sikukuu. Ni jambo jipya, la kupendeza, la kutazamwa. Leo liko zaidi katika ushairi na katika midomo ya wazee, na vijana wanalijua kama jina la msichana. Kwa harusi, ngoma au jahazi lililopambwa linafaa kuliko ajabu, kwa kuwa halina upande wa kutisha. Kwa ajali au ugonjwa halifai kabisa.

Muujiza ni la dini, na Tanga watu hulipima kwa mizani ya dini. Katika mafunzo ya Kiislamu, muujiza ni wa mitume. Jambo la namna hiyo likitokea kwa walii huitwa karama. Makanisani miujiza ni uponyaji na kazi ya Mungu. Mwandishi anayeita ushindi wa timu ya mpira "muujiza" ataeleweka kama mtia chumvi, lakini akiandika kwamba kaburi la sheikh fulani lina muujiza, atasahihishwa kabla wino haujakauka.

Kioja, kituko, kimbwanga, mauzauza

Fungu hili ni la mtaani. Halifai barua ya ofisi, lakini barazani huwezi kuishi bila hilo.

Kioja ni kitu au tukio la kutazamwa, lisilotarajiwa, likiwa na kicheko au hofu, na mara nyingi vyote viwili. Kinahitaji watazamaji. Jambo la ajabu linaweza kutokea ukiwa peke yako chumbani, lakini kioja kinataka ushahidi wa majirani.

Kituko kimeegemea tabia. Kuku mwenye miguu minne ni kioja. Mwenye kuku anayemtoza mtu kiingilio kumtazama ndiye mwenye vituko. Lakini angalia kitenzi kinachoambatana nacho. "Ana vituko" ni mcheshi. "Ananifanyia vituko" ni malalamiko mazito, ya mke kwa mume, ya mpangaji kwa mwenye nyumba: anamchokoza kwa makusudi ili achoke aondoke. Anayetafsiri malalamiko hayo kama vichekesho ataharibu shauri. Visa vina njia hiyohiyo: kisa ni hadithi, kumfanyia mtu visa ni uchokozi.

Vimbwanga ni vituko vilivyoongezwa chumvi, na mara nyingi vina harufu ya ushirikina au ubabe. Mauzauza ni kuona visivyokuwapo. Mazingaombwe na kiinimacho ni hila za mchezo zinazojulikana kuwa hila, kwa hiyo kuziita muujiza ni kosa, na kuuita muujiza wa mtu kiinimacho ni ugomvi. Bundi akilia juu ya paa, hakuna atakayesema kitu adimu wala cha ajabu. Watasema nuksi, au ndege mbaya. Hapo hatuzungumzii tena tofauti ya kitu na wenzake, tunazungumzia kinachokuja nyuma yake.

Pekee, wa pekee, wa kipekee

Kama sehemu moja ya ulinganisho huu itamwokoa mtu na aibu, ni hii.

"Mtoto pekee" ni mmoja, hana ndugu. "Mtoto wa pekee" kunayumba: yaweza kuwa ni huyo mmoja, yaweza kuwa ni yule apendwaye kuliko wote. "Mtoto wa kipekee" ana sifa zisizo kwa wengine, hata kama ndugu zake ni saba. Na pekee nyuma ya kundi lina maana ya "tu": "wanachama pekee" ni wanachama na si mwingine.

Sasa lipeleke Tongoni, kusini mwa mji, kwenye magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo. Kibao kikisema "makaburi pekee ya nguzo pwani", kimesema uongo, na mtu aliyetoka Kaole kule Bagamoyo jana ataukamata, kwa kuwa Kaole nako yapo makaburi yenye nguzo. Kikisema "makaburi ya kipekee", kimetoa sifa bila ushahidi, si uongo ila hewa. Kikisema "kundi la makaburi zaidi ya 40 katika eneo moja", kimetoa hesabu, na hesabu haibishaniwi.

Hiyo ndiyo shida ya kipekee kwa sasa: limetumika hadi likaisha ladha. Huduma ya kipekee, ladha ya kipekee, fursa ya kipekee. Muuza vitenge mtandaoni anayeandika "mzigo wa kipekee" hajasema lolote. Anayeandika "pisi moja tu kwa kila rangi" amesema jambo linalomfanya mteja apige simu. Shauri letu ni kwamba kipekee lisitumike bila sentensi ya pili inayojibu "kwa lipi?". Silikanti ni wa kipekee kwa sababu kabla ya mwaka 1938 kundi lake lilijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, likidhaniwa limetoweka zama za dinosau, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini. Hapo neno limelipiwa. Lakini usimwite samaki "pekee" wa kundi hilo: aina zinazojulikana kuwa hai ni mbili, ya pili ikiwa Indonesia.

"Wa aina yake" ni ndugu wa kipekee, ila amechakaa zaidi. "Katika tukio la aina yake" haina uhai tena. "La kwanza la aina yake" ni dai linalopimika, kwa hiyo thibitisha au futa.

Maalumu na mahususi hayaelezi ushangazaji kabisa, yanaeleza kutengwa kwa kusudi. Katika Kiarabu maalumu ni "kilichojulikana", yaani kinyume kabisa cha kigeni: kitu kilichowekwa, kinachofahamika na wote. Siku maalumu ya soko, bei maalumu, kikao maalumu. Mahususi ni jembamba zaidi: kwa shabaha moja. Nyavu mahususi kwa papa hazikutengenezwa kwa dagaa. Ukiita kitu maalumu kwa sababu tu kimekupendeza, unalipunguza neno. Na liandikwe maalumu, lenye irabu mwishoni, ingawa "maalum" limejaa kila ukuta.

-sio -a kawaida

Hili ndilo refu kuliko yote na ndilo linalokosewa kuliko yote, kwa sababu lina viungo viwili vya kupatanisha, si kimoja. Kirejeshi na kihusishi vyote vinafuata nomino:

mtu asiye wa kawaida, watu wasio wa kawaida
mti usio wa kawaida, miti isiyo ya kawaida
jambo lisilo la kawaida, mambo yasiyo ya kawaida
kitu kisicho cha kawaida, vitu visivyo vya kawaida
harufu isiyo ya kawaida, dalili zisizo za kawaida
ugonjwa usio wa kawaida
kupumua kusiko kwa kawaida
mahali pasipo pa kawaida

"Jambo isiyo ya kawaida" ni kosa la kila siku. Kosa la kujificha zaidi ni kupatanisha nusu: "jambo lisilo ya kawaida". Na samaki, japo jina lake halibadiliki, ana uhai: samaki asiye wa kawaida.

Maana yake je? Kawaida katika Kiarabu ni wingi wa neno la "kanuni". Kwa hiyo anayesema kitu si cha kawaida anadai anaijua kanuni. Hapo ndipo neno hili linapokuwa kali au tupu. Likiwa na kanuni nyuma yake, hakuna linalolizidi. Likiwa halina, ni pazia.

Tazama watu wa hali ya hewa wanavyolikwepa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa utabiri wa vuli au masika, husema mvua za wastani, juu ya wastani, au chini ya wastani. Wastani unapimika kwa milimita. "Mvua isiyo ya kawaida" haipimiki, na mkulima wa Muheza hawezi kuipandia mbegu. Pale kiasi ndicho kilichovuka mpaka, Kiswahili kina vitenzi: joto lililokithiri, bei iliyopindukia, upepo uliozidi.

Ofisini, pazia hili ni hatari zaidi. Barua inayosema "kumekuwa na malipo yasiyo ya kawaida" inaweza kumaanisha malipo makubwa, malipo ya nadra, au wizi. Kama ni kuvunja utaratibu, andika "malipo yaliyofanywa kinyume cha utaratibu", kisha taja tarehe, kiasi na utaratibu uliovunjwa. Zahanati ni vilevile. "Mtoto ana hali isiyo ya kawaida" haimsaidii tabibu. "Tangu jana jioni amekataa kunyonya, anapumua haraka na mbavu zinaingia ndani" inamfanya ainuke kitini. Neno la jumla litangulie tu pale ambapo bado hujui ulichokiona, na hapo ni la haki: "nasikia sauti isiyo ya kawaida kwenye injini" ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na fundi, ilimradi useme inasikika gari likipanda mlima au likifunga breki.

Kuhusu habari: "Katika hali isiyo ya kawaida, mwanamume mmoja mkazi wa…" Futa maneno matano ya mwanzo usome tena. Kama habari haijapungukiwa kitu, hayakuwa na kazi. Kama tukio linashangaza, msomaji ataliona. Kama halishangazi, hayo matano hayataliokoa.

Tofauti, kwa kifupi: ni neno dhaifu linalohitaji mwenzi, nalo huenda na "na". Tofauti na papa, silikanti ana mapezi yenye minofu. Si "tofauti kuliko", si "tofauti kwa". Anayesema "nguo zetu ni tofauti" akanyamaza hajalinganisha chochote.

Likihusu binadamu

Kipimo kinabadilika. Karibu kila neno la fungu hili likimwangukia mtu hugeuka. "Wewe mtu wa ajabu sana" ni tusi lililofunikwa kawa. "Yule kituko" ni dharau. "Mtu adimu" ni sifa au lawama kulingana na sauti. Kwa hali ya mwili au ya kujifunza, ushangazaji usiingie kabisa: mtu mwenye ualbino, mtu mwenye ulemavu, mtoto mwenye mahitaji maalumu. Hapo maalumu limerudi kwenye maana yake ya msingi, mahitaji yaliyotengwa na yanayojulikana. Kumsifu mtu, kipekee bado lina nguvu kidogo kuliko kwenye matangazo, hasa ukitaja tendo. "Hana mfano" na "hana kifani" ni mazito zaidi, na pwani hupendelewa kwenye sifa za msibani na za harusini.

Tangazo moja, mara tatu

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009, baada ya samaki hao kuanza kunaswa kwenye majarife pwani ya Tanzania kuanzia 2003. Chukulia kwamba unaandika tangazo la kubandikwa kwenye mialo ya wavuvi.

"Ukinasa samaki wa ajabu, toa taarifa." Mvuvi aliyekaa baharini miaka thelathini haoni ajabu kirahisi, na kijana wa msimu wa kwanza ataleta kila kitu hadi bunju.

"Ukinasa samaki adimu, toa taarifa." Afadhali, lakini samaki wengi wanaadimika siku hizi, na uadimu hauonekani kwa kumtazama samaki mmoja kwenye wavu.

"Ukinasa samaki mkubwa wa buluu mwenye mabaka meupe, magamba magumu, mapezi yenye minofu kama vikono, na mkia wenye kipande kidogo cha tatu katikati ya viwili vikubwa, usimuuze. Toa taarifa." Tangazo hili halina adimu, geni, ajabu wala kioja ndani yake, na ndilo atakalolikumbuka wavu ukipanda.